Kanyolewa Upande

Tulikuwa tumeshaiacha Mtambile nyuma yetu, mimi na Kassamali ndani ya pikapu yake, begi langu liko miguuni na tiketi ya boti iko mfukoni, simu ikalia.

"Usiipokee," Kassamali akasema. "Ukipokea tu, leo hutoki Pemba."

Kassamali ana duka la vifaa vya ujenzi Mtambile, na kila nikiondoka yeye hunipakia mpaka Mkoani bila ya kuniuliza nakwenda wapi. Safari hiyo nilikuwa nakwenda Tanga. Kwa nini Tanga, sina jibu. Miguu yangu huniwasha tu. Nimefanya kazi kwenye meli ya mizigo, nimechuma karafuu, nimepika hotelini Moroni, na popote nilipokuwa, kazi nyengine ikikosekana, nilinyoa watu. Wembe ndio skuli pekee niliyoimaliza.

Nikaipokea simu. Alikuwa Bi Mwanawema, mama yake Suhail, na Suhail ndiye aliyemuoa mwanangu wa mwisho, Ummi. Bi Mwanawema ni mtu wa Micheweni, mkulima wa mwani, mwenye adabu zake. Hawezi kukuuliza jambo kabla hajakuuliza hali ya nyumba nzima na kuku wake. Siku hiyo hakutoa hata salamu.

"Mzee Mjaka, mtoto kanyolewa upande."

"Kafanywa nini?"

"Kanyolewa! Upande mmoja wa kichwa kweupe, upande mwengine nywele tele. Madaktari hawa. Na kesho ndiyo siku ya saba. Rudi, uje na wembe wako."

Simu ikakatika. Nikabaki nimeishika.

Ummi alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto mwanamme, njiti, kilo moja na kidogo. Walituambia tusitarajie shughuli yoyote siku ya saba, mtoto yumo ndani ya sanduku la joto na hatoki. Basi nikajiona sina kazi. Kwetu nywele za tumboni hunyolewa siku ya saba, kichwa kizima, zikapimwa zikatolewa sadaka, na mtoto akapewa jina. Mnyoaji wa ukoo ni mimi. Hakuna kunyoa, mimi nangoja nini? Ndiyo nikakata tiketi. Na hilo la kunyoa nusu ukaacha nusu, Mtume kalikataza, kila aliyepita chuoni analijua, hata mimi niliyekitoroka chuo kabla ya juzuu ya tatu.

"Nimekwambia," Kassamali akasema, naye keshaanza kugeuza gari. "Kila mwaka unaniaga, kila mwaka nakurudisha. Siku utakayokwenda kweli sitatoa hata chozi, nitajua utarudi."

"Endesha, yakhe."

"Naendesha. Mtoto hajambo?"

Nikamwambia sijui. Na toka hapo mpaka mwisho wa jambo hili, nikiulizwa lolote, jibu langu lilikuwa hilohilo.

Nilimkuta Suhail kwenye baraza ya hospitali ya Chake, amesimama katikati ya njia, watu wanampita kushoto na kulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nambie."

"Mie nikwambie nini? Asubuhi wamenambia mtoto ana nafuu. Adhuhuri wakanambia hana mshipa. Nikawauliza, mtu anaishije bila mshipa? Wakasema anayo, ila imekwisha. Nikatia saini. Wakamnyoa. Mama kaona kichwa, toka hapo hasemi na mtu."

"Imekwishaje, mishipa?"

"Ndo nakuuliza weye, baba. Weye umetembea."

Nimetembea kweli, lakini sikupita huko.

Nesi alinitaka begi nikaliache nje kwa Suhail, nikavua viatu, nikanawa mikono mpaka viwikoni, tena na tena, kama mtu aliyesahau idadi ya udhu. Wakanivisha shuka la kijani. Ndani mlikuwa na joto. Ummi alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya sanduku, mtandio umemwangukia mabegani, na aliponiona alisema, "Baba, si ulikuwa umeondoka?"

"Nimerudi."

"Mapema hivi?" Akacheka kidogo, kisha akaanza kulia, kisha akanyamaza. Mama yake hayupo duniani. Nilimshika bega, nikatazama ndani ya sanduku.

Kichwa chake kilikuwa kama chungwa. Upande wa kulia nywele nyeusi zimelala, nyingi kuliko nilivyodhani mtoto wa kiasi hicho anaweza kuwa nazo. Upande wa kushoto, juu ya sikio, ngozi tupu, na juu yake plasta ya kuonea ndani, na chini ya plasta kitu kama uzi kimezunguka mara moja kikazama ndani ya ngozi. Uzi huo ukatoka kwa juu, ukaungana na mpira, mpira ukaenda kwenye mashine. Tumbo lilikuwa limevimba, linang'ara.

"Wewe ndiye babu yake?"

Alikuwa daktari, mwanamke kijana, Daktari Asya. Alipofungua mdomo tu nikajua ni mtu wa Unguja mjini. Alikuwa amekuja Pemba kwa muda, kuwafundisha wenzake kazi hiyo ya mipira. Alinieleza vizuri, wala hakufanya haraka. Alisema tumbo la mtoto limegoma, maziwa hayawezi kupita, na mpaka litulie atalishwa kwa mshipa. Chakula hicho ni kikali, ukikitia kwenye mshipa mdogo wa mkononi kinauunguza. Mwanzo walitia mpira kitovuni, ukaziba. Wakajaribu mikono, miguu, mishipa ikapasuka mmoja mmoja. Sasa ametia mpira mrefu kwa kichwani, unateremka shingoni mpaka kwenye mshipa mkubwa wa kifuani, pale chakula kinapochanganyika na damu nyingi na kisiunguze.

"Unaingia moyoni?" nikamuuliza.

"Unafika karibu na moyo, baba. Hauingii ndani."

"Na nani anaona umefika wapi?"

"Tunapiga picha. Ya kwanza mtoto alijitikisa, haikutoka. Tunapiga nyengine."

"Kwa hivyo sasa hivi hujui ulipo."

Akanitazama. "Nakisia ulipo. Nimepima kwa utepe kabla sijautia. Mpaka nione picha, natia maji ya sukari tu kidogokidogo, chakula chenyewe bado."

Nikatikisa kichwa kama niliyefahamu. Kwenye meli nimeona mabomba mengi, na kila bomba lina pa kuingilia na pa kutokea. Hapa nilitazama mpaka macho yakaniuma, sikuona pa kutokea. Nikaona aibu kuuliza tena.

"Ila huu mpira ukitoka?" nikauliza badala yake.

"Usitoke," akasema. "Sina pengine pa kutia."

Bi Mwanawema alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mikono yake juu ya magoti. Mikono ya watu wa mwani unaijua: maji ya chumvi yameipasua vidoleni. Nikasalimu, akajibu yote kwa ukamilifu, salamu aliyoikosa kwenye simu akailipa pale. Kisha akasema, "Wembe unao?"

"Ninao. Lakini daktari hajasema..."

"Daktari namuuliza mambo ya mpira. Hili si la mpira. Hili ni la kichwa."

"Mpira umo kichwani, Bi Mwanawema."

"Upande ule. Mie nakutaka upande huu."

Ukilitazama neno lake, lilikuwa sawa. Nikampigia simu Shehe Haroub, tuliyekuwa naye chuoni, yeye akakimaliza chuo na mimi nikaruka dirisha. Nikaweka simu wote wasikie.

Shehe akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hiyo ni dharura. Mwacheni mtoto kama alivyo. Akipona, mnyoeni kichwa chote, na jina mpeni kesho, jina halingoji nywele." Kisha akaongeza, "Lakini, Mjaka, usiende kulitangaza. Nina vijana hapa wamenyoa viduku, wakisikia neno dharura wote watakuja nalo."

Suhail akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Bi Mwanawema hakucheka.

"Shehe kasema kwa simu," akasema. "Kile kichwa hajakiona."

Nikarudi ndani kumuuliza daktari. Akasema hapana, kwa sasa hapana. Maji na sabuni vitalegeza plasta, na mtoto wa namna hii joto lake lote linatokea kichwani, nywele hizo kidogo ni blanketi lake. "Akitoka hatarini, baba, mnyoeni mpaka nyusi mkitaka. Kwa sasa tutamvisha kofia, hata bibi hatoona."

Nikampelekea Bi Mwanawema maneno hayo.

"Na Mungu je," akaniuliza, "haoni ndani ya kofia?"

Suhail akasema, "Mama, basi."

"Si basi." Akanigeukia mimi, sio yeye. "Kabla ya huyu Suhail nilivyaa mwengine. Akafa siku ya sita. Hana jina. Suhail hajui hata kama alikuwa mwanamme au mwanamke, sijawahi kumwambia. Kila nikiomba dua nataka kumtaja, namtajaje? Nasema 'na yule.' Miaka yote hii, Mzee Mjaka, 'na yule.' Huyu nataka aende akiwa kamili, kama atakwenda. Jina lake, kichwa chake. Akibaki, alhamdulillahi. Lakini akenda asende nusu."

Suhail alikuwa anatazama chini. Mimi nilikuwa natazama begi langu. Daktari kasema kweli, shehe kasema kweli, na huyu mama naye kasema kweli, na hizo kweli zilikuwa hazikai pamoja. Mtu mwenye akili zake angechagua moja. Mimi niliwaza boti ya kesho.

Tulilala Tibirinzi kwa jamaa zao. Wembe niliuweka chini ya mto, nisije nikaombwa.

Asubuhi ya siku ya saba nikarudi hospitali na begi langu, nimeshaamua: nitawaaga, nitakwenda bandarini. Ila Suhail alikuwa amenunua chai na mkate wa mofa, tukakaa barazani. Ukishapewa chai huwezi kuaga. Ndani, ulikuwa wakati wa Ummi kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga, kama wanavyofundishwa mama wote wa njiti. Bi Mwanawema alikuwa ameruhusiwa kuingia kumsaidia kufunga.

Wembe wangu ulikuwa begini mwangu na begi lilikuwa mapajani mwangu. Hilo nalisema kwa sababu baadaye watu waliniuliza. Yeye alikuwa na wake, nusu ya wembe wa dukani, ameufunga kwenye pindo la kanga, pamoja na kichupa cha maji ya zamzam aliyoletewa na jirani aliyetoka kuhiji. Nesi alikuwa na mtoto mwengine upande wa pili, mgongo kawapa. Ummi alituambia yote baadaye. Mkwe wake alimvua mtoto kofia, akalowesha nywele kwa kidole, akanyoa. Ummi hakusema kitu.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Nilimuogopa. Na, baba, nilitaka pia. Nilikuwa nimechoka kukiona kile kichwa."

Alinyoa vizuri. Mimi ni kinyozi, na baadaye nilikiona: hapana mkato hata mmoja. Alikuwa amemaliza. Kilichoharibu ni kofia. Aliporudisha kofia akaivuta kwa upande wa kushoto, plasta ilikuwa imeshapata maji pembeni, ikashikana na uzi wa kofia, akaivuta tena kuiweka sawa. Ule mpira ukaja nayo.

Sisi barazani tulisikia mashine kwanza. Kisha sauti ya Ummi. Suhail akasimama na kikombe mkononi, chai ikamwagika miguuni mwake wala hakuhisi. Watu wakapita mbio. Mlango ukafungwa. Ukafunguliwa, akatoka Bi Mwanawema.

Alikuwa ameshika pindo la kanga, ndani yake mna nywele.

"Nimemaliza," akasema.

"Umemaliza nini?" Suhail akamuuliza.

Akatazama pindo. "Sijui."

"Mama. Umefanya nini, mama?"

"Nimemnyoa mwanao kama inavyotakiwa anyolewe."

"Na mpira?"

Akakaa kwenye benchi mwisho kabisa, nafasi ya watu wanne katikati yake na sisi. Suhail akampa mgongo. Nikawa nimesimama baina yao kama mlango.

Daktari Asya akatoka baada ya muda. Glavu zake zilikuwa na damu kidogo, kidogo sana, lakini ukikumbuka ukubwa wa mtoto, kidogo kile ni cha kuogopa. Hakumtazama bibi. Alimwambia Suhail: mpira umetoka, damu imesimama, mtoto anapumua. Sukari yake itashuka muda si mrefu, lazima apate njia. Mikono hakuna, miguu hakuna, kushoto pamevimba.

"Kulia pana mshipa," akasema. "Nimeuona sasa hivi."

"Kulia kulikonyolewa?" nikauliza.

"Ndiyo." Alilisema neno hilo kama mtu anayetema kokwa. "Nataka kujaribu hapo. Ni mara moja tu, baba mtoto, nikiupasua huo sina mwengine. Anaweza kufa nikijaribu, na nisipojaribu atakufa. Naomba ruhusa yako."

Suhail akageuka kunitazama. "Baba, sema weye."

Mimi! Mtu ambaye boti yake inaondoka. Nikafungua mdomo, na kutoka mwisho wa benchi ikaja sauti ya Bi Mwanawema, ndogo:

"Jina kwanza."

Nilidhani Suhail atamkemea. Daktari naye nilidhani atamkemea. Wote wawili wakamgeukia. Kisha Suhail akasema, "Daktari, nimtie jina kwanza. Kisha fanya."

"Fanya haraka," daktari akasema. "Nawa mikono."

Nilimuona kwa kioo cha mlango. Aliinama, hakugusa kitu, akasema neno kwenye sikio la kulia la mtoto, akatoka. Jina alilompa ni Duni. Ni jina la zamani, wazee walilitoa kwa mtoto waliyemuogopea, ili mauti yamdharau yampite. Bi Mwanawema hakumwomba jina hilo. Suhail alipolitaja barazani, nilimuona tu mama yake akafunga macho.

Sikuondoka kwenye kile kioo. Daktari Asya alivaa kofia na barakoa, akapima kwa utepe kutoka juu ya sikio la kulia, shingoni, mpaka katikati ya kifua, akapima tena. Wakafunika kila kitu kwa kitambaa kilichotobolewa tundu, mtoto akapotea mzima, pakabaki pale kichwani tu, padogo kama sarafu. Nesi aliyashika mashavu ya mtoto kwa vidole viwili. Daktari akatia sindano yenye tundu, kisha akaushika ule uzi kwa kibano na kuusukuma, kidogo, anangoja, kidogo, anangoja. Nimewahi kuwaona mafundi wa kofia wakitia uzi kwenye tundu. Hawa walikuwa wanatia uzi ndani ya kitu kinachopiga. Mara moja alisita, mkono ukasimama hewani. Kisha akaendelea.

Nyuma yangu Suhail alikuwa anasoma, na mama yake mwisho wa benchi anasoma, sura hiyohiyo moja, lakini hawakuwa pamoja, mmoja alikuwa mbele ya mwenzake aya mbili.

Baada ya adhuhuri picha zikaja. Daktari Asya aliniita mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa kuwa nilikuwa bado niko pale kiooni. Akanionyesha kwenye mwanga. "Huu hapa. Umefika panapotakiwa."

Niliona mbavu za samaki mdogo na wingu. Mpira sikuuona. Nikasema mashaallah.

Akaweka picha ya pili. "Na hii ndiyo ya jana jioni. Imechelewa kunifikia." Kidole chake kikafuata mstari nisiouona, kikateremka shingoni, kikapinda, kikaelekea begani. "Ule wa kwanza ulikuwa umepotea njia. Umekwenda mkononi."

"Maana yake nini?"

"Maana yake haukufaa kwa chakula. Ningelazimika kuutoa."

Nikafikiri sana kabla ya kusema. "Kwa hivyo Bi Mwanawema katoa mpira ambao wewe ungeutoa."

"Baba, usiseme hivyo." Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Ningeutoa kwa utaratibu, na damu nikaizuia, na mtoto yumo kwenye joto. Yeye angeweza kumuua. Usimwambie neno la kumfanya adhani alifanya vyema. Kesho atafanya tena."

"Sitamwambia. Nauliza tu nipate kufahamu. Ungeshautoa, huo mwengine ungeutia wapi?"

Akafungua mdomo. Akazima ile taa ya picha.

"Sijui," akasema. "Labda ningenyoa upande wa pili."

Nesi akamwita, akaenda. Nikabaki mbele ya kile kisanduku cha taa kilichozimwa, nakitazama kama kwamba ndani yake mna mtu atakayenieleza.

Barazani Suhail alikuwa hajasogea, na mama yake hajasogea. Nikamwambia Suhail yote, kama nilivyoyasikia, sikuzidisha wala sikupunguza.

"Basi mama kafanya vizuri?" akauliza.

"Sijasema hivyo."

"Basi kafanya vibaya."

"Hilo pia sijalisema. Daktari anasema angeweza kumuua."

"Sasa umesema nini, baba?"

"Nimekwambia lilivyo."

"Lilivyo halifahamiki."

"Ndiyo hivyo lilivyo."

Alikaa. Alisimama. Alikwenda mpaka getini akarudi na kikombe cha chai, akakiweka juu ya benchi kando ya mama yake, si karibu sana, akarudi kukaa kwangu. Bi Mwanawema alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu, chai ikaacha kutoa moshi. Halafu akakinywa chote.

Boti ilikuwa imeshaondoka.

Mpira wa kulia ulikaa mpaka tumbo la mtoto likatulia. Duni alianza kupewa maziwa ya mama yake kwa tone, kisha kwa kijiko, na alipofika kilo mbili wakamtoa. Sasa anakaa Micheweni. Amechelewa kukaa na amechelewa kusimama, lakini anasimama. Upande wa kushoto, juu ya sikio, pana alama ndogo pasipoota nywele.

Ummi hajambo. Hajapata mwengine.

Suhail anasema na mama yake. Siku ile hawajaitaja.

Bi Mwanawema alikatazwa kuingia wodini mpaka mwisho, akawa anakaa kwenye benchi. Nywele alizipima kwa mizani ya sonara Chake, akazitolea sadaka, akazifukia nyuma ya nyumba yake. Anaamini alimwokoa mjukuu wake kwa kumnyoa. Habari ya picha ya ule mpira wa kwanza hajaambiwa. Bado analima mwani.

Daktari Asya alimaliza muda wake akarudi Unguja. Anaamini mtoto yule nusura auawe na bibi yake. Nesi aliyemshikia mashavu ndiye anayetia mipira hiyo sasa, na mlangoni wamebandika karatasi kuwa jamaa wasiingie na nyembe.

Shehe Haroub kafariki.

Kassamali alinipeleka Mkoani mwezi uliofuata, hakutoa chozi. Niko Tanga, nanyoa watu karibu na stendi. Sijafahamu bado.